Neno Nililompa Mama Yako

Mwanangu Mwantumu,

Ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta kufuli la tranka, na nyumba imetulia. Basi lako linaondoka kesho alfajiri. Nimekaa kwenye meza ya cherehani kwa sababu meza yangu imejaa vitu vyako.

Mambo ya chakula, ya simu, ya marafiki na ya kuswali kwa wakati mama yako ameshayasema, mengine mara mbili. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na juzi mama yako ndiye aliyeniambia nikueleze. Alisema, "Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Kwanza ujue kwamba sihisi kitu. Tangu Jumatatu nakuona ukikunja nguo. Najua kabisa kwamba hili ni jambo la kumliza baba, nami nangoja kilio kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi anavyongoja damu irudi. Hairudi. Usidhani sikupendi. Ndivyo nilivyo kwa miaka kumi na mitatu sasa, na kwa kuwa unakwenda kusomea ukunga, ni haki yako kujua ilianzaje.

Unajua napenda maneno. Hujui yalikotoka, maana kila ulipouliza nilijibu kwa mzaha. Nilikuwa kidato cha pili hapa Korogwe, mtoto wa wakulima wa muhogo kutoka Mkata, na nilikuwa nakaa kwa mzee mmoja pale Masuguru aliyeitwa Alfonsi. Baba yake aliletwa kutoka kusini kuja kukata mkonge. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa mizani shambani mpaka shamba likafa. Bosi wake alikuwa Mgiriki, na alipoondoka aliacha kamusi ya Kiingereza, nene, imeng'oka mgongo, imeliwa na mchwa upande wa herufi za mwisho. Mzee Alfonsi alinipa kwa kuwa niliishika sana.

Mwisho wa maneno mengi paliandikwa herufi mbili, G na r. Kwa miezi kadhaa nilidhani ni kifupi cha "grammar", nikawa najiuliza mbona maneno haya yana sarufi na mengine hayana. Siku moja nikamuuliza.

"Sarufi gani?" akacheka. "Hicho ni Kigiriki. Lugha ya bosi wangu. Waingereza wamechukua maneno kwao."

"Wagiriki hawa wa mkonge?"

"Hao hao. Zamani walikuwa wakubwa, kabla hawajajua mkonge."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nawajua Wagiriki kama watu wa kofia na gari bovu waliokuwa wakitajwa na wazee, kumbe Mwingereza mwenyewe alipokosa neno alikwenda kuomba kwao. Nikaanza kuyakusanya, hasa yale ya kale ambayo Waingereza wenyewe wameyasahau. Agelast, mtu asiyecheka: "a" ni kukana, na "gelan" ni kucheka. Opsimath, mtu anayejifunza kwa kuchelewa, maana "opse" ni kuchelewa. Philodox, mtu anayependa maoni yake mwenyewe. Nilipopata kazi ya ualimu niliwapachika watu. Mkuu wa shule wa wakati ule nilimwita philodox kwenye kikao, akadhani ni sifa, akanishukuru. Walimu wenzangu walicheka wiki nzima. Nilijiona mwerevu, na sikujua kwamba neno lile lilikuwa linanitafuta mimi.

Mama yako alikuwa fundi pale Manundu, anashona sare za shule. Nilikwenda kupimwa suruali, nikamwambia kuna neno la kale, deipnosophist, la mtu hodari wa mazungumzo wakati wa kula. Nikamweleza kwamba "deipnon" ni chakula cha jioni na "sophistes" ni mjuzi. Akanitazama huku ametia pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema, "Huyo si mjuzi, huyo ni mmbea. Panua miguu nipime." Nilimpenda kuanzia pale. Kwa miaka mingi kila nililomletea alilirudisha hivyo, limenyooka, limeondolewa madaha. Alikuwa anacheka sana, Mwantumu. Wewe unakumbuka kidogo tu.

Ulikuwa na miaka sita alipobeba mimba ya pili. Ulikuwa unaweka sikio tumboni unasema unasikia mtu anakohoa. Mimba ilifika mwisho wake vizuri. Siku ya uchungu tulikupeleka kwa jirani, tukaenda hospitali. Uchungu ulichukua muda mrefu, halafu wakasema mapigo ya mtoto hawayasikii vizuri, wakampeleka kwenye upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la ukutani.

Nesi alitoka na kanga. Kanga ilikuwa ya mama yako, ile ya manjano yenye maua mekundu tuliyoleta kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Baba, pole. Hakulia." Akafunua kidogo nikaona. Kisha akasema maneno ambayo nataka uyasome polepole, kwa sababu iko siku yatakuwa maneno yako.

"Mama bado yuko kwenye dawa. Ataamka baada ya saa moja au mbili. Tungoje amwone, au mtamchukua?"

Nikasema, "Asimwone. Tutamchukua."

Hakunilazimisha mtu. Hakuna aliyenishauri vile. Yule nesi alikuwa amechoka, aliuliza kwa adabu, akapokea jibu. Mimi nilidhani mwanamke aliyepasuliwa hawezi kubeba jambo lile. Nilidhani asichokiona hakitamkaa moyoni. Nikawapigia simu watu wawili wa msikitini, tukamwosha, tukamvisha sanda, tukamzika Masuguru kabla ya adhuhuri. Mama yako alipoamka akauliza, nami nikamwambia, "Kila kitu kimekwisha." Hivyo ndivyo nilivyosema. Kimekwisha.

Majirani waliotaka kuja kukaa nikawazuia. Niliwaambia mtoto hakulia, hakuna tanga, mama anahitaji kupumzika. Jumatatu nilikuwa darasani nafundisha. Walimu wenzangu walinipa pole, nikawajibu nimeshapoa, na ilikuwa kweli. Mkono wangu uliandika ubaoni vizuri kabisa. Nilijisifu kwa hilo.

Mama yako alirudi nyumbani na mshono tumboni na maziwa. Hilo la maziwa hakuna aliyenitahadharisha. Yalikuja kwa wakati wake kama kawaida, yakalowanisha gauni, naye akawa anakaa kwenye mkeka ukutani, ametazama mlango. Mshono ukapona. Maziwa yakakauka. Yeye akabaki pale pale. Cherehani ikafunikwa. Ulikuwa unamletea daftari lako la shule anasema "vizuri" bila kulifungua. Nilikuwa nawapikia ninyi wawili, naye anakula akiambiwa kula.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Siumwi."

"Una nini basi?"

"Sina."

Ikapita miezi minne. Ningeweza kukaa naye kwenye ule mkeka. Badala yake nilikwenda kwenye kamusi, na nililipata neno. Nilipolipata nilifurahi, mwanangu. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kama mtu aliyepata funguo zilizopotea.

Neno ni accidie. La kale sana, halitumiki tena. Kamusi ilisema ni uzito wa roho, uvivu wa moyo, hali ya mtu kutojali chochote, na kwamba watawa wa zamani waliuhesabu kati ya dhambi kubwa. Limetoka kwenye Kigiriki "akedia": "a" ni kukana, "kedos" ni kujali. Kutojali. Nikaliandika kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, nikaenda kukaa kwenye kiti mbele yake. Kiti, siyo mkeka. Nikamsomea. Nikamtafsiria kila kitu, mpaka lile la dhambi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo ndiyo mimi?"

"Ndilo jina la hali yako," nikasema. "Ukishajua jina lake, unaweza kupambana nayo."

Kisha akasema, "Na yeye ulimpa jina gani?"

"Nani?"

Hakurudia swali. Nami nilipoelewa nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Hakulia. Asiyelia hapewi jina."

Kesho yake niliporudi kutoka shule nyumba ilikuwa tupu. Jirani akaniambia mmepanda basi la Mkata, kwa mama yangu. Wewe unakumbuka mwaka ule kama mwaka wa kwa bibi, wa mbuzi, na wa kujifunza Kizigua. Uliniambia ulikuwa mwaka wako mzuri kuliko yote, na sikutaka kukuharibia.

Nilikuja kuwatembelea mara mbili, unakumbuka labda. Nilileta sukari na sabuni, nikasalimia, nikaondoka. Mama yako alinipokea kama mgeni wa heshima. Huku nyumbani nilikuwa nafundisha, nasahihisha, napika, nalala. Sikulia. Nilikuwa naona watu wananisemesha na midomo yao inacheza, sauti inakuja baadaye. Wazo kwamba lile neno nililompa mama yako lilinistahili mimi halikunijia hata mara moja.

Mwishoni mwa mwaka nilipeleka wanafunzi kwenye mdahalo katika seminari moja huko milimani. Wanafunzi walipokuwa wakila nikaingia maktaba. Alikuwapo bruda mmoja mzee anayepanga vitabu. Niliona kamusi kubwa ya Kigiriki chenyewe, chenye herufi zake, ambacho maisha yangu yote nilikuwa nakisoma kwa kuazima kwa Waingereza. Nikamwomba anitafutie neno moja, kedos, lile lililomo ndani ya akedia. Nilitaka tu kujionyesha kwamba nalijua.

Akavaa miwani, akalitafuta kwa kidole. "Ndiyo. Kujali. Kushughulika na mtu."

"Hilo najua, bruda."

"Subiri, halijaisha. Huzuni. Hasa huzuni ya kufiwa. Maombolezo. Shughuli za mazishi." Akafunua ukurasa mwingine wa mbele. "Na hili lako lenye 'a' lina ndugu yake wa kale zaidi, akedes. Walilitumia kwa maiti aliyeachwa bila kuombolezwa. Asiyezikwa na watu wake."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kisha akarudi kwenye lile la kwanza akasema, "Na hapa chini kuna maana nyingine tena. Undugu wa kuoana. Ukwe. Ajabu, eti? Neno moja, wafu na wakwe."

"Ajabu," nikasema.

Nilikaa kwenye kiti cha maktaba mpaka mwanafunzi akaja kuniita. Sitaki udhani kwamba neno ndilo lililonifungua. Maneno hayana nguvu hiyo. Wagiriki wa kale hawakumjua mama yako. Ila nilikuwa nimezoea kuamini kitabu kuliko mtu, basi ilibidi kitabu ndicho kinitoe kwenye kosa la kitabu. Mimi ni opsimath, kama nilivyowaita wengine. Mama yako alikuwa ameniambia jambo lile lile kwa swali moja, miezi mingi kabla, tena kwa Kiswahili.

Jumamosi iliyofuata nikaja Mkata. Nilikuwa nimeandika yote kwenye karatasi. Bibi yako alikuwa uani anamenya muhogo na mama yako anasaidia. Wewe hukuwepo, ulikuwa kisimani na wenzako.

"Shikamoo mama," nikamwambia bibi yako.

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Hapana mama. Nimekuja kumwambia jambo."

Nikatoa karatasi mfukoni. Mama yako akaiona. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Usinisomee."

Nikairudisha. Nikakaa chini, kwenye maganda ya muhogo, nikamwambia nilichokiona. Sikuwa na kingine.

Nilimwambia kwamba alikuwa mrefu. Kwamba alikuwa na nywele.

"Nyingi?" akauliza.

"Nyingi. Zimelala upande."

"Rangi yake?"

"Yako."

Akauliza vidole. Nikamwambia vidole vilikuwa virefu, kucha zimeshaota. Akauliza kama uso ulikuwa umeumia. Nikasema hapana, ulikuwa kama wa mtu aliyelala amekasirika kidogo. Hapo akatoa sauti. Ilianza kama kicheko na haikubaki kicheko. Akauliza nani alimwosha, nikamwambia ni mimi na wale wawili wa msikitini. Akauliza kama maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikasema ndiyo. Akauliza ni wapi hasa pale Masuguru, nikamchorea kwa kijiti kwenye udongo: njia, mti, ukuta, hapa. Aliuliza kwa muda mrefu sana. Mengine sikuyajua kwa sababu sikuangalia, nikamwambia sikuangalia.

Bibi yako alikuwa ameacha kumenya. Akainuka, akajifunga kanga, akatoka. Baada ya muda wakaanza kuingia wanawake wa jirani, mmoja mmoja, wanavua viatu, wanakaa kwenye jamvi. Nikamfuata bibi yako mlangoni nikamwambia, "Mama, sijui kama dini inaruhusu tanga kwa mtoto ambaye hakulia. Tena mwaka karibu unaisha."

Akanijibu, "Sikumwita sheikh. Nimewaita wanawake."

Walikaa siku tatu. Ndiyo ile shughuli uliyokuwa unaniuliza, ile uliyokula bada, ule ugali wa muhogo, mpaka ukaumwa tumbo, na hukujua ni ya nini. Ilikuwa tanga la mdogo wako. Wanaume wachache wa pale walikuja kukaa nami nje, wakazungumza habari za mahindi na mvua. Hakuna aliyeniuliza lolote, nami nilishukuru. Ndani nilimsikia mama yako akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na wanawake wakimwachia alie. Nje mimi nilikuwa nimekaa wima. Nilitaka kulia naye. Macho yalikuwa makavu kama haya ninayokuandikia nayo.

Hakurudi nami siku ile. Alirudi baada ya mavuno, na wewe, na gunia la makopa ya muhogo. Alifunua cherehani kabla hajafunua kichwa. Hatukusema kwamba tumesameheana. Tulianza tu kuishi tena, na kicheko kilirudi kidogo kidogo, si kile cha zamani, lakini ni chake. Makaburini tulikwenda, mimi na yeye, na tunakwenda kila mwaka. Hukuwahi kuuliza tunakwenda wapi tulipokuacha kwa jirani ukiwa umevaa sare zako za shule. Sasa unajua.

Kamusi ipo. Sijaichoma wala kuigawa, maana haina kosa. Wakati mwingine naifungua. Siwapachiki watu maneno tena.

Sitakwambia uwe mkunga wa namna gani. Watakufundisha watu wanaojua kazi hiyo. Ninachokijua ni kitu kimoja tu na nimekilipia: siku utakayotoka kwenye mlango ule na kanga mkononi, ukamkuta baba amekaa kwenye benchi, atakujibu haraka. Atajibu kama mtu mwenye akili. Usimchukie, lakini usimwamini. Ngoja mama aamke, umuulize yeye, na akikwambia hataki kumwona, muulize tena baada ya saa moja. Na wewe mwenyewe umwangalie mtoto vizuri, nywele, vidole, uso, kwa sababu miaka inaweza kupita ndipo mtu akahitaji kuambiwa, na huenda ukawa peke yako uliyeangalia.

Na kuhusu mimi, usikae huko ukiwaza kwamba baba yako hakulia ulipoondoka. Nafanya ninachoweza kufanya bila kuhisi. Nimepaka mafuta bawaba za tranka. Nimeandika jina lako ndani ya kifuniko. Kesho nitalibeba mpaka stendi, na mama yako akisema ni zito tusaidiane, nitakataa.

Kitu kimoja sijakuandikia, kwa sababu sikijui. Siku ile ya tatu ya tanga, wanawake walipokuwa wanaondoka, mama yako alitoka uani akaniambia, "Ana jina. Nilimpa mwenyewe, siku ile ile nilipoamka. Wewe sikuambii." Sikumuuliza tangu siku hiyo. Nilimsikia mara moja tu akilitaja pale kaburini, kwa chini, nikarudi nyuma hatua chache ili nisilisikie vizuri, kwa kuwa halikuwa langu.

Juzi aliponiambia nikuandikie, aliniambia pia kwamba jina atakuambia mwenyewe. Atakuambia kesho stendi, kabla hujapanda. Utaniona nimeondoka karibu yenu, nimekwenda kusimama upande wa pili wa basi, nakagua kama tranka limefungwa vizuri. Usiniite. Msikilize.

Baba yako